Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Shule Yetu ya Msingi ya Kikatoliki, Kigoma

Maswali haya yamekusanywa getini asubuhi, kwenye mikutano ya wazazi, kwenye makundi ya simu ya madarasa na nje ya kanisa baada ya Misa. Mengi yamejibiwa kwa mdomo mara nyingi sana, na ni haki kila mzazi ayapate kwa maandishi: wa Gungu na wa Ujiji, anayefika kila siku na ambaye kazi humruhusu kufika mara moja kwa muhula. Yameandikwa na mjumbe wa kamati ya wazazi, na walimu wameyapitia. Pale nilipotoa maoni yangu binafsi, nimesema.

## Mambo ya msingi

1. Shule hii ni ya nani hasa: ya Kanisa, ya serikali au ya wazazi?

Mmiliki ni Jimbo Katoliki la Kigoma, lililoanza kama vikarieti (eneo la kimisionari ambalo bado halijawa jimbo kamili) mwaka 1946 na kuwa jimbo mwaka 1953. Katibu wa elimu wa jimbo anaisimamia kwa niaba ya askofu, paroko anashughulikia malezi ya kiroho, na mwalimu mkuu anaendesha kazi ya kila siku. Jina lenyewe la "shule ya Kikatoliki" haliwekwi tu na yeyote anayetaka. Kanoni ya 803 ya sheria ya Kanisa inadai kibali cha mamlaka ya Kanisa.

Upande wa serikali, shule imesajiliwa, inafuata mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania, watoto wanafanya mitihani ileile ya Baraza la Mitihani, na wathibiti ubora wa shule wanakuja kututazama kama wanavyofanya kwa shule nyingine.

Wazazi hawamiliki majengo. Hata hivyo kanoni ya 796 inawataka walimu washirikiane nao kwa karibu na kuwasikiliza kwa moyo mweupe, na inataka vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe na ithaminiwe sana. Kwa hiyo mzazi anayeuliza jambo hapa haombi fadhila.

2. Ile shule kongwe karibu na kanisa ilijengwa na wamisionari. Mbona ni ya serikali?

Shule nyingi za misheni zilichukuliwa na serikali chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, ili mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini yake. Shule binafsi za msingi, zikiwamo za Kanisa, zilikuja kuongezeka baada ya sera ya elimu ya 1995 kuwafungulia mlango watu na taasisi binafsi. Watoto wa shule ile na wetu wanacheza uwanja mmoja na wanafanya pamoja mitihani ya ujirani mwema. Mzazi anayewafundisha watoto wake kuwadharau wa upande wa pili anatuharibia kazi.

3. Elimu ni bila malipo. Kwa nini tunalipa ada?

Elimu bila malipo iliyoanza kutekelezwa mwaka 2016 inahusu shule za umma. Ruzuku ile haiji kwetu. Mishahara ya walimu, chakula, maji, umeme na vifaa vinatoka kwenye ada. Jinsi fedha zinavyosomwa mbele ya wazazi, tazama swali la 19. Kama ada imekushinda, swali la 21.

4. Mtoto anaanza akiwa na umri gani, na anasoma miaka mingapi?

Awali ni miaka mitano, darasa la kwanza ni miaka sita. Tunahitaji cheti cha kuzaliwa. Anayekosa aje hata na kadi ya kliniki tumwelekeze pa kuanzia.

Kwa sera mpya, elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao darasa la saba la mwisho litahitimu. Mwenye watoto waliopishana darasa moja kati ya hayo mawili atakuwa na wahitimu wawili kwa mpigo. Ni vizuri kuanza kujiwekea akiba sasa.

5. Mtoto wangu yuko darasa la pili. Anaweza kulala bweni?

Hapana. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2023 ulizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Binafsi naunga mkono. Mtoto wa miaka saba anahitaji mtu wa kwake wa kumfunika shuka.

## Imani na maisha ya pamoja

6. Sisi ni Waislamu (au Walutheri, au Wapentekoste). Mtoto atalazimishwa kubatizwa?

Hatalazimishwa. Kanoni ya 748 inasema wazi kwamba hairuhusiwi kamwe kumshurutisha mtu aipokee imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Katika mji ambao Ujiji iko umbali wa daladala moja, na familia nyingi zina Wakristo na Waislamu kwenye sinia moja, swali hili linaulizwa kwa uzito na linastahili jibu lisilozunguka.

Kwa vitendo ni hivi. Wakati wa sala ya asubuhi mtoto asiye Mkatoliki anasimama na wenzake kwa utulivu, hashurutishwi kufanya ishara ya msalaba. Kipindi cha dini mzazi anachagua: akae, au aende kwenye chumba cha kusomea. Anayetaka mwanawe aende swala ya Ijumaa analeta barua, na ruhusa hutolewa. Mwezi wa Ramadhani wanaofunga hawashawishiwi kunywa uji na hawakimbizwi juani. Kuhusu vazi la kichwa, zungumza na mwalimu mkuu siku ya kuandikisha ili mtoto asisimamishwe getini kwa jambo ambalo watu wazima hawakulimaliza.

Tusichoweza kufanya ni kuondoa msalaba ukutani au kuacha kumtaja Kristo. Anayetuletea mtoto anajua anamleta wapi, na sisi tunajua tumepokea mtoto wa nani.

7. Siku ya kawaida ikoje?

Mwalimu wa zamu anasimama getini kabla ya watoto kuingia, na kazi yake ya kwanza ni kumwita kila mmoja kwa jina. Kisha usafi, mstarini, sala fupi, Wimbo wa Taifa, na vipindi. Saa nne ni uji. Mchana ni ugali au wali na maharage, siku nyingine dagaa, siku nyingine makande. Jioni michezo, na kwaya kwa wanaopenda.

Kuna jambo moja la kwenye uji ambalo wageni hawalioni. Kiranja wa chakula wa kila darasa ana kidaftari kidogo, anaandika nani hakunywa. Jina likijirudia siku mbili mfululizo, mwalimu wa darasa anamwita mtoto pembeni. Mara nyingi ni tumbo tu. Mara nyingine ni msiba nyumbani, au mama amesafiri kwenda Kasulu na mtoto ameachwa na kaka yake, au kikombe kimepotea na mtoto anaona haya kusema. Hayo yote tumeyajua kwa kidaftari kile.

8. Utoto Mtakatifu ni nini? Mtoto wangu anaomba sarafu kila mwezi.

Ni shirika la kipapa la watoto, lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa. Wazo lake lilikuwa jepesi: kila mtoto asali Salamu Maria moja kwa siku na atoe sarafu moja kwa mwezi kwa ajili ya watoto wengine. Mpaka leo ndivyo ilivyo, watoto wanawasaidia watoto. Wetu wanatembelea wagonjwa na wazee, wanaokota taka kuzunguka kanisa, na kusherehekea pamoja na parokia tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi.

Sarafu ni hiari. Mzazi asiye nayo amwambie mtoto ukweli; atasali, inatosha. Mwalimu mlezi ameagizwa asisome kamwe majina ya waliotoa na wasiotoa.

9. Jumuiya ndogo ndogo zinahusikaje na shule?

Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki waliposisitiza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo miaka ya 1970, hapa kwetu jumuiya ndiyo inayojua nani anaumwa, nani amefiwa, nani ana njaa. Mtoto akikosa shule siku tatu bila taarifa, mwalimu wa darasa anampigia mzazi. Simu isipopatikana, anamwomba mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa huo apite nyumbani. Kwa familia zisizo za Kikatoliki tunapitia kwa balozi au jirani. Akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wamekuwa wakija kusaidia kupika siku za sherehe, na wa UWAKA, chama cha wanaume Wakatoliki, wamechimba mashimo mengi ya miti kuliko wanavyosema.

10. Kwa nini siku nzima ya masomo inapotea kwenye sikukuu ya somo wa shule, yaani mtakatifu msimamizi wake?

Haipotei. Asubuhi Misa, baadaye michezo, maigizo na maonyesho ya kazi za watoto. Ni siku ambayo mtoto wa mwisho kwenye Hisabati anaweza kuwa wa kwanza kwenye ngoma, na mama yake akamwona.

## Wazazi na shule

11. Kwa nini mkutano wa wazazi unapangwa kwa kufuata mwezi?

Kwa sababu ya ziwa. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wanavua usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawavutwi na taa, vyombo vinapumzika na baba wako nyumbani. Zamani mikutano ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, wakija haohao wenye ofisi, na maamuzi ya wote yakifanywa na wachache. Sasa mkutano unawekwa siku za mbalamwezi, alasiri, ili hata mama wa soko la Mwanga awe ameshafunga meza yake.

Muhtasari unabandikwa ubaoni getini ndani ya wiki. Asiyeweza kufika anaweza kumtuma mtu mzima wa familia. Usimtume dada wa kazi kupiga kura kuhusu ada halafu ukaukana uamuzi.

12. Naweza kuingia darasani kuona mtoto wangu anavyofundishwa?

Ndiyo, kwa kumwambia mwalimu mkuu siku moja kabla. Unakaa nyuma, unatulia, unazima simu, unatoka kipindi kikiisha. Walimu waliliogopa jambo hili mwanzoni. Siku hizi baadhi yao ndio wanaowaalika wazazi, hasa baba.

13. Sikusoma sana, na Kiingereza sikijui. Nitamsaidiaje mtoto?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mara nyingi anayeliuliza ananong'ona.

Unaweza kumsaidia sana, hata kama shule yetu ni ya mchepuo wa Kiingereza. Kila jioni mwambie afungue daftari na akueleze alichojifunza leo kwa Kiswahili, au kwa Kiha. Akiweza kukueleza ukaelewa, ameelewa. Akizungukazunguka, kuna kitu hakijaingia, na hilo ndilo la kumwandikia mwalimu kwenye daftari la mawasiliano, au kumwambia getini. Angalia tarehe: daftari lenye pengo la siku tano linasema jambo. Angalia kalamu nyekundu pia. Vyema nyingi bila sahihisho hata moja, wakati majibu ya mtoto yana makosa, ni dalili kwamba mwalimu amepitisha mkono tu. Hayo huhitaji kujua Kiingereza ili kuyaona.

Msimulie pia. Hadithi za sungura, vitendawili, habari za babu yako aliyefanya kazi reli. Mtoto mwenye maneno mengi nyumbani anajifunza kusoma kwa urahisi zaidi, katika lugha yoyote. Usiache kuzungumza Kiha naye kwa kudhani kitamharibia Kiingereza. Na mpe muda: mtoto anayefika kutoka mtoni na ndoo saa mbili usiku hatasoma kitu.

14. Kundi la WhatsApp la darasa ni la nini?

Matangazo na kazi za nyumbani. Halipokei malalamiko kuhusu mwalimu, picha za watoto wa wenzako wala majina ya wanaodaiwa. Mzazi asiye na simu ya aina hiyo anapata tangazo lilelile kwenye daftari la mawasiliano. Hakuna jambo linaloamuliwa kwenye simu pekee.

15. Nina malalamiko kuhusu mwalimu. Niende wapi?

Anza na mwalimu mwenyewe, kwa faragha, mtoto asiwepo. Msipoelewana, mwalimu mkuu. Ikishindikana, kamati ya wazazi, halafu katibu wa elimu wa jimbo. Lipo pia sanduku la maoni. Linafunguliwa mbele ya wajumbe wawili wa kamati, ufunguo mmoja uko kwao. Ikiwa lalamiko linahusu usalama wa mtoto, ngazi hizi zote zinarukwa: soma swali la 22.

## Jinsi tunavyojirekebisha

16. Mnaamuaje nini kiboreshwe mwaka huu?

Mwisho wa kila muhula walimu wanaweka mezani madaftari ya watoto watatu kutoka kila darasa: mmoja anayefanya vizuri, mmoja wa kati, mmoja anayehangaika. Wanayasoma pamoja, bila kuangalia jina la mwalimu. Kazi inayofanywa pale ina uzito kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuona, maana daftari halipambi. Linaonyesha mada iliyorukwa, zoezi lililonakiliwa ubaoni bila kueleweka, mtoto ambaye mwandiko wake ulikuwa unanyooka hadi Machi, ukaharibika ghafla.

Kutokana na meza hiyo, pamoja na maoni ya wathibiti ubora na ya mkutano wa wazazi, yanachaguliwa mambo machache ya mwaka. Machache kweli. Mpango wenye mambo ishirini huishia kabatini. Walimu pia wanaingia kwenye vipindi vya wenzao na kukaa baadaye kujadili, kwa utaratibu wa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambao unatumika nchi nzima.

Kanoni ya 806 inawataka viongozi wa shule za Kikatoliki wahakikishe elimu yao haiko chini ya ile ya shule nyingine za eneo. Msalaba ukutani haufuti somo lililofundishwa ovyo.

17. Kwa nini hamtangazi kwamba shule imeshika nafasi ya ngapi?

Matokeo ya upimaji wa darasa la nne na ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yanabandikwa, na kila mzazi anaelezwa ya mwanawe. Nafasi hatuichapi kwenye mabango. Baraza la Mitihani lenyewe limeacha utaratibu wa kutangaza shule kumi bora.

Haya ni maoni yangu, na nayasimamia: nafasi ya shule inaweza kupandishwa kwa njia mbaya sana. Unamkaririsha darasa mtoto dhaifu, unamshauri mzazi amhamishe, unabaki na wanaojua tayari, kisha unasifiwa. Shule yetu haifanyi mchujo wa namna hiyo. Ukitaka kujua kama tunaendelea vizuri, muulize mwalimu wa darasa la tatu: yule anayesoma kwa shida kuliko wote, mwaka huu amefika wapi? Mwalimu asipokuwa na jibu, tuna kazi ya kufanya hata kama darasa la saba lote limefaulu.

18. Mtoto wangu yuko darasa la tatu na hajui kusoma. Mtamfanyaje?

Kwanza, hatatolewa mbele ya wenzake. Kila mwanzo wa muhula kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la nne anamsomea mwalimu aya fupi, wakiwa wawili tu. Mwalimu anaandika anapokwama. Utakuta mtoto anasoma "baba" na "kalamu" bila shida, lakini akifika "mbwa" au "nyanya" anaruka, au anabahatisha kwa kutazama picha. Huyo hakosi akili. Silabi mwambatano hazijakaa. Mwingine anasoma vizuri maneno yaliyo kitabuni na kushindwa yaleyale ubaoni, na huyo anahitaji kupimwa macho. Kwa hiyo macho na masikio tunayauliza kabla ya kitu kingine.

Baadaye watoto wanapangwa makundi kwa kiwango cha kusoma, bila kujali darasa, kwa nusu saa kabla ya michezo ya jioni. Wanaketi chini ya mwembe na mwalimu mmoja. Ingawa shule ni ya mchepuo wa Kiingereza, kundi linaanza na Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo mtoto akitamka neno anajua limemaanisha nini. Kusoma kukishakaa, Kiingereza kinafuata. Zile KKK, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ndizo msingi wa yote, na hatuoni aibu kurudi nyuma kwa ajili yake.

Mzazi anaitwa na kuelezwa afanye nini nyumbani (swali la 13 lina sehemu kubwa ya jibu). Haturuhusu walimu kuwafundisha wanafunzi wao wenyewe tuisheni ya kulipia. Mtoto asifundishwe nusu mchana ili anunue nusu nyingine jioni.

19. Michango yetu inakwenda wapi?

Kila mchango una jina la kazi yake, unaingia kwenye akaunti ya shule, na unatolewa stakabadhi. Hakuna mwalimu anayepokea fedha mkononi wala kwenye simu yake. Mapato na matumizi yanasomwa kwenye mkutano wa kila muhula, na karatasi inabandikwa. Ukiona kipengele hukielewi, uliza palepale, mbele ya wote.

20. Wazazi waliomba kompyuta. Kwa nini mlianza na vyoo?

Kwa sababu mabinti wa madarasa ya juu walikuwa wanakosa shule siku kadhaa kila mwezi, na daftari la mahudhurio lilionyesha hivyo kwa yeyote aliyetaka kuliona. Vyoo vilikuwa havina milango inayofunga kwa ndani, wala maji. Sasa kuna chumba cha kujistiri chenye maji, ndoo yenye mfuniko na taulo za kike, na mwalimu wa kike anayeshika ufunguo wa kabati. Nje ya vyoo vidogo kuna vibuyu chirizi ambavyo watoto wenyewe wanavijaza kwa zamu.

Cha pili kilikuwa kinga radi kwenye majengo yote. Wenyeji wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa radi ni nini. Kompyuta zimo kwenye mpango, na zitakuja.

## Mambo magumu

21. Ada imenishinda muhula huu. Mtoto atarudishwa nyumbani?

Njoo kabla ya tarehe ya mwisho, usikimbie simu. Ada inalipwa kwa awamu, na mwenye shida ya kweli anaandika barua ya makubaliano ya tarehe nyingine. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, familia za wavuvi, wachuuzi na wakaanga dagaa zilikauka mfukoni kwa pamoja, na ilibidi tuelewane na wengi kwa mara moja. Anayefiwa na mlezi anazungumziwa na paroko na kamati kwa siri. Mtoto hatajwi mstarini kwa deni la mzazi, na mwalimu anayefanya hivyo anaitwa kujieleza.

22. Nahisi kuna mtoto anayedhulumiwa, nyumbani au shuleni. Nifanye nini?

Usisubiri uwe na uhakika, na usimhoji mtoto mwenyewe mara nyingi. Mwambie mwalimu mlezi wa ulinzi wa watoto, ambaye jina lake limebandikwa ofisini, au piga simu namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Anayetuhumiwa akiwa mwalimu, sista, padre au mfanyakazi wetu, njia ni hiyohiyo, na jambo halimalizwi kwa kikao cha familia wala kwa kuombana msamaha ofisini.

23. Walimu wanachapa?

Kanuni za serikali zinaruhusu fimbo zisizozidi nne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kwa kuandikwa kitabuni. Shule yetu imechagua kutotumia ruhusa hiyo. Mtoto aliyekosa anazungumzwa naye, anafanya kazi ya kurekebisha alichoharibu, na mzazi anaitwa. Wapo wazazi wanaotuambia "mchapeni tu, nimeruhusu". Tunawashukuru kwa imani yao, na jibu linabaki hapana. Ukisikia fimbo imetumika, fuata swali la 22.

24. Mna nafasi kwa mtoto mwenye ulemavu?

Tunapokea, na tunasema ukweli kuhusu tunachoweza. Njia za magurudumu zipo kwenye madarasa ya chini, si kwenye maktaba. Mwenye uoni hafifu anakaa mbele na kupewa maandishi makubwa. Mwalimu aliyesomea lugha ya alama hatuna, kwa hiyo mtoto kiziwi tutamsaidia mzazi kutafuta shule yenye kitengo chake badala ya kumkalisha darasani asikotambua linaloendelea.

25. Tunahamia Tabora katikati ya mwaka. Mtoto ataondokaje?

Tafuta kwanza shule itakayompokea. Kisha njoo kwa mwalimu mkuu na barua ya kuomba uhamisho, na hakikisha namba ya mtoto ya PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, imo kwenye ripoti yake, maana uhamisho unafanyika kwenye mfumo huo na bila namba atapata shida kusajiliwa mitihani. Kama yuko darasa la mtihani, njoo mapema zaidi, kabla usajili haujafungwa. Shule inakupa ripoti za mihula yote, na kwa watoto wa madarasa ya chini inakupa pia karatasi ya kusoma iliyotajwa kwenye swali la 18, ili mwalimu mpya ajue aanzie wapi. Madaftari ni mali ya mtoto; ondoka nayo.